Ukimya Si Qauli: Uhakiki wa Mijadala ya Siasa Zetu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyemuumba mwanadamu na akamfundisha kubainisha. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahali zake, Masahaba zake na kila mwenye kuwafuata kwa wema. Ama baada ya hayo.

Malalamiko yaliyozoeleka katika mabaraza yetu, kuanzia Mtae hadi Soni, ni kwamba wanasiasa wa zama hizi hawana adabu ya kuzungumza. Wanatukanana, wanazomeana, wanaitana majina. Malalamiko haya ni ya kweli, nasi hatuyapingi. Sura Al-Hujurat, aya ya 11, imekwisha kukataza kudharauliana, kutiana aibu na kuitana kwa majina mabaya, na katazo hilo halikumvua mtu yeyote kwa sababu ya kuwa mbunge au mgombea. Lakini tunasema kwamba wenye kulalamika hivi wanahangaika na moshi na kuuacha moto. Mtu anaweza kusema kwa sauti ya upole, akatanguliza "mheshimiwa" katika kila sentensi, na asiwe amejadili chochote. Mwingine anaweza kupaza sauti kwa uchungu na akawa na hoja iliyonyooka. Kilichopotea ni kujua tunabishania nini, na ni nani mwenye wajibu wa kuleta dalili. Hilo likishapotea matusi huja yenyewe, kwa kuwa asiye na la kujibu hubakiwa na ulimi tu.

MAHALI PA MZOZO

Waliosoma usulul-fiqhi wanaijua istilahi ya tahriru mahallin-nizai, yaani kubainisha mahali hasa pa mzozo. Fuqahaa kabla ya kuleta dalili katika mas'ala husema kwanza: hili tumeafikiana, na lile tumeafikiana, tunachohitilafiana ni hiki. Wanazuoni wakaifanya kazi hiyo kuwa fani kamili, ilmu ya adabul-bahthi wal-munadhara, na miongoni mwa walioitungia risala mapema ni Shamsuddin As-Samarqandi, mwanachuoni wa karne ya saba Hijria.

Katika fani hii kuna mdai na kuna muulizaji. Mdai analazimika kuleta dalili. Muulizaji ana njia tatu: man'i, yaani kutaka uthibitisho wa jambo ambalo hoja imesimama juu yake, naqdhi, yaani kuonyesha kwamba dalili ile ikikubaliwa italeta matokeo yaliyo batili, na muaradha, yaani kuleta dalili nyingine inayokwenda kinyume na dai. Hakuna njia ya nne iitwayo "wewe ni nani hata useme".

Pengine msomaji atauliza: je, wanazuoni wa Hadithi hawakuwachunguza watu, wakasema huyu mwaminifu na huyu si mwaminifu? Naam, waliwachunguza. Lakini waliwachunguza kwa kuwa watu wale walikuwa wakileta habari, na habari inategemea mleta habari. Hoja haitegemei mtu. Anayetuambia "nimeona" tunamchunguza yeye. Anayetuambia "kwa hiyo" tunalichunguza neno lake. Siasa zetu zimegeuza mambo haya juu chini. Habari zinapokewa bila kuuliza nani amezileta, na hoja zinakataliwa kwa kuuliza mwenyewe anatoka wapi.

MATUTA YA MLALO

Sisi wa milima ya Usambara tuna mfano wetu, na wazee wengi wanaujua. Mwaka 1946 serikali ya Mwingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi katika bonde la Mlalo, kisha ukapanuliwa kwenda sehemu nyingine za milima. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta ya kukinga maji katika mashamba ya miteremko, na asiyetii akaadhibiwa. Serikali ile ilikuwa na hoja ya kweli. Udongo ulikuwa ukishuka, na anayekataa aitazame leo rangi ya mito yetu wakati wa masika.

Lakini wakulima hawakuwa wakibisha kwamba udongo unashuka. Walikuwa wakiuliza mengine: nani ataifanya kazi hii nzito wakati siku za kulima ni chache? Na je, shamba likishachimbwa kwa amri ya serikali litabaki kuwa la mwenyewe? Mahali pa mzozo palikuwa ni kazi na ardhi, na serikali ikawa inajibu juu ya udongo. Walipozidi kuuliza walijibiwa kwa amri za machifu na kwa faini. Waliokuwa kimya walihesabiwa kuwa wamekubali. Ukimya ule ukageuka kuwa mgomo, mgomo ukawapa TANU wafuasi, na mpango mzima ukafa kabla ya Uhuru wa mwaka 1961. Serikali ilikuwa na nusu ya haki, ikaipoteza yote kwa kukataa kuisikia nusu ya pili.

Wasambaa walikuwa na maneno mawili ya kupimia utawala: kubana shi, yaani kuiharibu nchi, na kuzifya shi, yaani kuitengeneza. Mtawala aliulizwa kwa maneno hayo, nchi inaponywa au inaharibiwa? Swali hilo lina mahali pake, na jibu lake linaonekana mashambani na ghalani. Ni swali la hoja, wala halihitaji tusi.

RASIMU YA MWAKA 2014

Tuje sasa kwenye mjadala mkubwa kuliko yote ambayo Taifa hili limejaribu kuufanya katika miaka ya karibuni, nao ni wa Katiba mpya. Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilianza kazi mwaka 2012, ikakusanya maoni mijini na vijijini, na tarehe 18 Machi 2014 mwenyekiti wake akaiwasilisha Rasimu ya pili mbele ya Bunge Maalumu la Katiba, Dodoma. Rasimu ilipendekeza Muungano wa Serikali tatu. Miongoni mwa dalili za Tume ni kwamba katika watu wa Bara waliouzungumzia muundo wa Muungano, asilimia 61 walitaka Serikali tatu, na Zanzibar asilimia 60 walitaka Muungano wa mkataba.

Siku tatu baadaye, tarehe 21 Machi, Rais Jakaya Kikwete alilihutubia Bunge hilo na akaipinga dalili hiyo. Alisema waliotoa maoni kwa Tume walikuwa 351,664, na katika hao waliouzungumzia Muungano ni 47,820 tu, sawa na asilimia 13.6. Waliobaki, zaidi ya asilimia 86, hawakuuzungumzia. Kwa hiyo, kwao Muungano haukuwa tatizo.

Tunamuomba msomaji asimame hapa, awe ni mwenye kupenda Serikali mbili au tatu. Huu ulikuwa mjadala wa haki. Mdai alileta dalili, na mpinzani akaijibu dalili kwa dalili, bila tusi. Na mahali pa mzozo palikuwa pamebainika kabisa: ni ipi hukumu ya aliyenyamaza?

HUKUMU YA UKIMYA

Swali hilo si geni katika madrasa zetu. Wanazuoni wa usuli wamelijadili kwa zaidi ya miaka elfu chini ya mlango wa ijmai sukuti: mujtahidi mmoja akitoa hukumu na wenzake wakaisikia wakanyamaza, je, hiyo ni ijmai? Wengi katika wanazuoni wa Kihanafi wamesema ni hoja. Qauli mashuhuri ya Imamu Shafii (R.A.), ambaye madhehebu yake ndiyo ya wengi katika pwani na milima hii, ni kwamba aliyenyamaza hanasibishiwi qauli. Huenda amenyamaza kwa kukubali, au kwa hofu, au bado anatafakari, au ameona mwingine amekwisha kumtosheleza.

Hata hivyo fuqahaa wameweka mahali ambapo ukimya huwa ni maneno. Mfano wake ni mwanamwali anayetakwa idhini ya ndoa, ambaye Mtume (S.A.W.) alijaalia kunyamaza kwake kuwa ndiyo idhini. Kwa nini hapa ukimya ukahesabiwa? Kwa sababu ameulizwa. Swali moja, lililo wazi, limewekwa mbele yake, naye anajua ukimya wake utachukuliwaje.

Basi tuyapime maoni ya mwaka 2012 kwa kipimo hiki. Wananchi waliokwenda mbele ya Tume hawakuwekewa swali moja la Muungano. Kila mmoja alisema lililomgusa: huyu ardhi, huyu maji, huyu mahakama, huyu madaraka ya Rais. Kwa hiyo asilimia 86 walionyamaza hawawezi kuhesabiwa kuwa wameridhia Serikali mbili. Na kwa kipimo hicho hicho, asilimia 61 ya waliosema hawawezi kuhesabiwa kuwa ndiyo sauti ya wote ambao hawakusema. Kila upande ulikuwa na kitu mkononi, na hakuna uliokuwa na kila kitu. Njia ya fiqhi ilikuwa moja tu: waulizwe.

Kuulizwa huko kunawezekana, na tumekuona. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Zanzibar baada ya miaka mingi ya uhasama na vifo, kisha wananchi wakawekewa swali moja la Serikali ya Umoja wa Kitaifa katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010. Asilimia 66.4 walikubali, na uchaguzi uliofuata ukapita kwa utulivu. Yaliyovunjika baadaye, uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2015 ulipofutwa, hayakuvunjwa na swali lile wala na jibu lake.

YALIYOFUATA

Dodoma hapakuwa hivyo. Mas'ala ya ukimya yaliachwa mezani, na watu wakahamia kwenye nafsi. Jaji Warioba na wenzake, waliotumwa kisheria kukusanya maoni, wakasemwa wao badala ya Rasimu yao. Asili za watu, rangi zao na visiwa vyao vikaingizwa ukumbini. Hofu kwamba jeshi litatwaa nchi, na kwamba Zanzibar itageuzwa dola ya Kiislamu, ikapelekwa hata ndani ya kanisa. Upande wa pili nao haukusalimika: wajumbe wenzao wakafananishwa na Interahamwe, wauaji wa Rwanda wa mwaka 1994. Tarehe 16 Aprili 2014 kundi la UKAWA likatoka ukumbini. Waliobaki wakaipitisha Katiba Inayopendekezwa tarehe 2 Oktoba, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 haikufanyika. Wananchi hawakuulizwa.

Tarehe 2 Novemba 2014 Jaji Warioba alialikwa kuzungumza katika mdahalo jijini Dar es Salaam, pale Ubungo. Mdahalo ukavunjwa kwa vurugu na viti vikarushwa. Mzee aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa nchi alijibiwa kwa viti.

Januari 2016 Serikali ikatangaza kwamba televisheni ya Taifa haitarusha tena moja kwa moja vikao vyote vya Bunge. Mwaka huo huo mikutano ya hadhara ya vyama ikazuiwa, na zuio hilo halikuondolewa hadi Januari 2023. Tumewasikia wenye elimu wakiitetea hatua ya kwanza kwa maneno ya Imamu Ghazali (R.A.). Ni kweli kwamba katika Ihyaa, mlango wa elimu, ametaja masharti manane ya mjadala wa haki, na moja ni kwamba mjadala wa faragha uwe unapendeza zaidi kwa mtu kuliko wa mbele za watu, kwa kuwa hadhara huamsha riya. Lakini kuitumia qauli hii mahali hapa si sahihi. Ghazali alikuwa akizungumza juu ya wanazuoni wawili wanaoitafuta hukumu ya dini. Mbunge ni wakili, na katika mlango wa wakala aliyewakilisha ana haki ya kujua wakili wake anafanya nini katika mali yake na jambo lake. Mkulima wa Mlola au Malindi aliyempigia mtu kura hawezi kuambiwa kwamba wakili wake anamsemea faraghani ili asiingiwe na riya. Na sharti jingine la Ghazali lilikuwa likisubiri kutajwa, wala hawakulitaja: kwamba mtafuta haki ni kama mtu aliyepotelewa na mnyama, hajali akipatikana kwa mkono wake au kwa mkono wa mwenzake.

Mwisho wa njia hii tumeuona. Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifanyika chama kikuu cha upinzani kikiwa nje na mwenyekiti wake akiwa mahabusu kwa shitaka la uhaini. Siku ile ile ghasia zilizuka mijini, watu wakauawa, amri ya kutotoka nje ikatangazwa Dar es Salaam na intaneti ikazimwa. Sisi hatusemi kwamba damu ile ilimwagwa na maneno mabaya. Tunasema kwamba kila mlango wa kuulizana ulikuwa umekwisha kufungwa, mmoja baada ya mwingine, na ukimya uliopatikana ukaitwa amani. Mwenyezi Mungu (S.W.) awarehemu waliokufa na awape subira waliofiwa.

ADABU HAIMAANISHI KUNYAMAZISHA

Kuna pingamizi moja lenye uzito. Wapo vijana wanaosema: mnatuhubiria adabu sisi wanyonge, na mwenye nguvu anafanya atakalo, adabu yenu ni kufuli la midomo. Hatuwalaumu kwa kuuliza. Jibu ni kwamba Sharia haikumfunga mdomo aliyedhulumiwa. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 148, baada ya kubainishwa kwamba Mwenyezi Mungu hapendi kutangazwa maneno mabaya, amevuliwa aliyedhulumiwa. Imamu Nawawi (R.A.) alipoorodhesha mahali sita ambapo kumsema mtu asiyekuwepo kunaruhusiwa, alianza na mwenye kushitakia dhulma. Kutaja dhulma kwa jina lake na kumtaka mtawala alete dalili ni katika adabu ya mjadala. Kinachokatazwa ni kuacha kuitaja dhulma na kumtaja mama yake.

Na wajibu mzito zaidi uko kwa mwenye nguvu. Sura Taha, aya ya 44, inatueleza kwamba Musa na Harun (A.S.) waliamrishwa kumwambia Firauni maneno laini, lakini tutazame pia Sayyidna Ali (R.A.) alivyofanya alipokuwa yeye ndiye mtawala. Makhawariji walimkatiza msikitini kwa kaulimbiu yao kwamba hakuna hukumu ila ya Mwenyezi Mungu. Alibainisha kwamba neno lenyewe ni la haki na makusudio yake ni batili, yaani alitenganisha dai na matumizi yake. Kisha akawaahidi mambo matatu: hawatazuiwa misikiti, hawatanyimwa fungu lao katika fai maadamu wako pamoja na Waislamu, na hatakuwa wa kwanza kuwapiga vita. Haki zao hazikusubiri wakubaliane naye.

Ibn Abbas (R.A.) alipowaendea, hakuanza kwa kuwahukumu. Aliwauliza wana lawama gani. Wakataja tatu: Ali amewafanya watu kuwa mahakimu katika jambo la Mwenyezi Mungu, amepigana bila kuchukua mateka wala ngawira, na amelifuta jina la Amiri wa Waumini katika mkataba. Akazithibitisha kwao kwamba ni hizo tu, kisha akazijibu moja moja, kwa aya za uamuzi wa watu waadilifu katika mawindo na baina ya mume na mke, kwa heshima ya Bibi Aisha (R.A.) aliye mama wa Waumini, na kwa Mtume (S.A.W.) kulikubali kufutwa jina lake la Utume katika mkataba wa Hudaybiya. Katika riwaya mashuhuri watu elfu mbili walirejea. Hao ni watu elfu mbili ambao upanga wa Nahrawan haukuwafikia.

MIMBARI ZETU

Maimamu wasidhani kwamba maneno haya ni ya wanasiasa peke yao. Kila mwezi wa Ramadhani unapokaribia, hitilafu ya mwezi mwandamo, ambayo ni mas'ala ya kale ya ikhtilaful-matalii, yenye dalili kwa pande zote, inageuka kuwa swali la nani ni wakala wa nani. Vijana wanaosikia hayo msikitini wataenda kuyafanya kwenye mkutano wa chama. Basi tunapendekeza mambo matatu yanayowezekana katika madrasa yoyote, hata ile yenye jamvi moja.

La kwanza, mwanafunzi asiruhusiwe kumjibu mwenzake mpaka alieleze dai la mwenzake kwa namna ambayo mwenzake atasema: naam, hilo ndilo nililosema. La pili, risala fupi ya adabul-bahthi isomeshwe pamoja na usuli, na mifano yake itolewe katika mambo ya nchi, si katika vitabu peke yake. La tatu, khatibu anapolizungumzia jambo la siasa juu ya mimbari, ambapo wasikilizaji wamekatazwa kusema, akumbuke kwamba ukimya wao si ukubali. Na awape nafasi ya kumuuliza baada ya swala.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atuonyeshe haki hata ikiwa mikononi mwa tunayembisha, atupe watawala wanaouliza na raia wanaojibu, na aijaalie nchi yetu kuwa ya amani iliyo ya kweli. Wabillahi tawfiq.